Kisahani Kikavu

Juni 5, 1967

Imetangazwa. Treni yetu, Mwewe wa Fedha, inakufa mwisho wa kiangazi hiki. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba tunachobadilishia nguo hapa stesheni ya Chicago, nasi weita tukaizunguka kama tuko msibani. Barua zimehamia kwenye ndege, abiria wamehamia kwenye ndege na magari, kampuni inasema haiwezi tena.

Cleophus, mpishi wetu, ndiye aliyesema kwanza. "Maisha yangu yote nimekaanga nyama kwenye jiko linalocheza. Mkinipa jiko lililotulia nitaungua, jamani."

Tukacheka. Mzee Ezra, weita mkongwe kuliko sote, hakucheka. Alisoma karatasi mpaka chini, akakunja miwani yake, akasema, "Nilipanda nayo, nitashuka nayo." Kisha akaenda kupiga pasi jaketi lake jeupe.

Naandika haya kwa sababu ya mke wangu Verlene. Kaniambia, "Ozell, kila ukirudi safari unanisimulia mimi, nami nasinzia. Andika, angalau karatasi haisinzii." Haya, mama, naandika.

Juni 8

Nebraska asubuhi. Mahindi yamefika kwenye kifundo cha mguu. Wakati wa chai ya asubuhi nusu ya meza zilikuwa tupu.

Bwana Lindgren amepita nyuma yangu akiinua vikombe. Huyu ndiye msimamizi wa behewa la chakula, mweupe, mrefu, shati limekaza shingoni utadhani linamnyonga. Anainua kikombe, anatazama kisahani. Kikiwa na tone la kahawa anakutazama wewe. Hasemi kitu. Sisi tunamwita Bwana Kisahani, na nadhani anajua.

Juni 15

Mvua kutoka Omaha mpaka Denver. Hakuna jipya.

Juni 19

Leo nimeuona mkono wa Mzee Ezra.

Kahawa humu ndani haimiminwi juu ya meza. Unakitoa kikombe nje, juu ya ujia, unalegeza magoti, unaacha behewa licheze na wewe utulie. Ezra ndiye aliyetufundisha sote. Hata Lindgren alifundishwa na yeye, alipoletwa baada ya vita hajui mteja anahudumiwa upande gani. Ezra akamshika mkono mpaka akajua, na alipojua tu akawa bosi wa Ezra. Ndivyo mambo yalivyopangwa kwenye reli hizi: msimamizi ni mweupe, na anayemfundisha usimamizi ni mmoja wetu sisi weusi, ambaye hatapewa usimamizi kamwe. Nimelimeza hilo miaka mingi na bado halijashuka.

Basi leo behewa lilikuwa limetulia kabisa, reli imenyooka, na mkono wa Ezra ukawa unacheza peke yake. Birika liligonga kikombe. Nilijifanya sikusikia, kisha nikamfuata jikoni.

"Mzee, mkono."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi fumba macho."

"Mzee Ezra, sitanii."

"Mimi natania?" Akauficha mkono chini ya taulo. "Ulianza wakati wa baridi. Daktari wa kampuni akiuona, nashushwa siku hiyo hiyo. Wataandika kwamba sifai. Na Odessa nilimwahidi."

Odessa ni mkewe, marehemu sasa kiangazi cha pili. Nyumba yao iko karibu na daraja moja, tukikaribia kuingia Chicago, na kila alipojua Ezra anarudi alisimama darajani akipunga aproni yake. Tangu safari ya kwanza ya Mwewe, mwaka wa thelathini na sita. Ugonjwa ulipomshika akamwambia mumewe, "Usiiache treni njiani. Ikifika mwisho, na wewe uwemo ndani." Hilo tu ndilo mzee analolitaka duniani. Apite chini ya daraja lile siku ya mwisho, amevaa jaketi, yuko kazini.

Cleophus alikuwa anasikia. Akachomoa mkate kwenye tanuri bila kugeuka. "Ozell atamimina. Wewe Mzee utabeba sahani kubwa, hizo ni nzito, zinautuliza mkono. Mambo kwisha."

Juni 28

Mzee mmoja mkulima, Msweden wa Nebraska, kapandia kituo cha nyuma. Kaweka donge la sukari katikati ya meno, kamimina kahawa kwenye kisahani, kaanza kuinywa humo kwa sauti ya kuridhika. Lindgren masikio yakawa mekundu. Akamwinamia, akamwambia maneno mawili matatu ya lugha yao. Mzee wa watu akarudisha kahawa kikombeni, akainywa kama dawa.

Nikamwambia Ezra, "Umemwona nyoka? Anamwonea haya mtu wa kwao."

"Kwao wanakunywa hivyo. Kijiji chao ni Stenby, pale tunapopita bila kusimama. Baba yake alikuwa akinywa hivyo, na yeye pia alipokuja humu. Meza moja ya matajiri wakamcheka mpaka akaenda kujifungia stoo." Ezra akafuta uma. "Nikamwambia, humu ndani, kijana, kisahani kinabaki kikavu. Hawatakucheka tena."

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Nimejuta mara ngapi!"

Julai 4

Mahindi yamefika magotini, kama yanavyotakiwa sikukuu hii. Watu wamejaa kidogo. Watoto walitaka kujua treni ilikuwaje zamani, wakapelekwa kwa Ezra. Akawaambia siku ya kwanza wakulima walisimamisha matrekta na farasi, wakavua kofia kama mfalme anapita. Hawakuwahi kuona treni isiyotoa moshi, ya bati linalong'aa, iliyochongwa pua. "Ng'ombe walikimbia. Kuku wakaacha kutaga," alisema. Mama mmoja akauliza na yeye alijisikiaje. "Viatu vilinibana, bibie. Vilikuwa vipya kama treni."

Julai 12

Lindgren kanisimamisha kwenye ujia.

"Kwa nini unamimina kahawa kwenye meza za Ezra?"

"Anakata malimau, bwana."

"Malimau mangapi?"

"Mengi."

"Na jana?"

"Jana pia watu walipenda malimau."

Akanitazama. Akaenda jikoni. Cleophus, Mungu ambariki, alikuwa ameshamwaga kikapu kizima mbele ya Ezra. Malimau yalibiringika mpaka kwenye viatu vya Lindgren. Aliokota moja, akaliweka mezani, akatoka. Tumekula malimau sote mpaka Denver.

Julai 14

Naapa Lindgren anajua. Anangoja nini?

Julai 25

Detroit inawaka moto, ghasia za weusi na polisi, redio haisemi kingine. Leo abiria weupe wengi hawakututazama usoni. Kahawa walikunywa.

Agosti 3

Mahindi yamepita kichwa cha mtu, mbelewele zimetoka. Joto la jikoni halielezeki.

Leo tumempata Jicho. Jicho ni mpelelezi wa kampuni. Anapanda kama abiria, anakula kama abiria, kisha anaandika nani kachelewesha supu na nani kavaa soksi zisizofanana. Kila weita anajigamba anamjua Jicho akimwona tu. Mimi pia.

Aliingia mwanamume na kofia ya kahawia, peke yake. Akapitisha kidole kwenye dirisha. Akainua kisahani akasoma chapa ya chini. Akauliza nyama imetoka wapi. Nikarudi jikoni mbio.

"Yupo. Meza ya tatu."

Cleophus akachungulia. "Ndiye. Huyo hata sahani anaihesabia maua. Ozell, mhudumie wewe. Mzee apelekwe kule mwisho, mbali naye."

Kule mwisho alikuwepo bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, anafuma kitambaa, ana tabasamu la nyanya wa mtu. Nikasema, huyu ndiye salama yetu. Nikampa Ezra meza ile yote, na birika lake, maana mimi nilikuwa nimefungwa na Jicho. Jicho nilimhudumia nisivyowahi kumhudumia mtu. Cleophus alimkatia pai ya pichi kipande cha watu wawili. Nilimbadilishia kitambaa ambacho hakikuchafuka.

Nyuma yangu nikasikia birika likigonga kikombe, kisha "Lo!" ndogo ya bibi. Kahawa ilijaa kisahani, ikafika kwenye kitambaa cha meza. "Haidhuru kabisa," bibi akasema. "Kaa utulie. Hebu nisimulie, umo humu tangu lini?" Na Ezra akamsimulia.

Lindgren alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliona yote. Hakuja.

Jicho akashuka kituo cha baada ya Stenby. Pale mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka, mimi nauza pampu za visima. Nataka kufungua mkahawa, ndiyo maana nauliza uliza. Sijawahi kutunzwa hivi hata na mama yangu."

Nikabaki na stuli ya kushukia mkononi. Cleophus alipopata habari akakaa juu ya gunia la viazi. "Kipande cha watu wawili," akasema. "Cha watu wawili!"

Halafu sote tukafikia swali moja. Kama si yule, basi ni nani?

Agosti 11

Ni bibi.

Tumerudi Chicago tumekuta tumeitwa ofisini: Lindgren, Ezra, mimi. Ripoti imesema mhudumu katika meza ya mwisho hana uwezo wa kumimina kahawa kwa usalama. Bibi mwenye tabasamu! Na sisi tulimpeleka Ezra mikononi mwake kwa mikono yetu. Mjanja kala ng'ombe mzima, mkia ukamshinda. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Tuliketi kwenye benchi la korido, mimi na Ezra. Lindgren aliingia kwanza. Nilimwona akifunga vifungo vya koti, na nikamchukia waziwazi. Nikamwambia Ezra, "Sasa anakumaliza. Miezi miwili alikuwa anakusanya ushahidi."

"Nyamaza, Ozell. Mimi nitasema mwenyewe. Mkono ni wangu."

Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Mkono ulikuwa mfukoni, na mfuko ulikuwa unatikisika.

Lindgren akatoka. Alitupita bila kututazama, akavaa kofia, akaenda zake. Karani akatoa kichwa. "Nyie rudini kazini. Limekwisha. Msimamizi amekiri kwamba kahawa aliimwaga yeye. Alishika birika kinyume cha kanuni. Amesimamishwa mpaka huduma itakapofungwa."

Sikuelewa mara moja. Msimamizi haruhusiwi kugusa birika. Kazi yake ni kuketisha watu na kupokea hesabu. Kamchukulia Ezra kosa, na kwa kulichukua kaikosa yeye safari ya mwisho.

Mimi nilitaka kucheka kwa furaha. Ezra alisimama.

"Nani kamwambia anisemee uongo?"

"Mzee, twende."

"Siendi. Nani kamtuma?" Akausukuma mlango. Nikamsikia ndani, sauti haikupanda, akisema aliyemwaga ni yeye. Mkubwa wa ofisi akamjibu, nikasikia pia: "Mzee, treni hii ina wiki chache za kuishi. Nina karatasi iliyosainiwa. Sitaandika nyingine. Rudi kazini."

Ezra alitoka amezeeka. Tukatembea mpaka nje.

Agosti 12

Nimelala vibaya. Nimekuwa nikimwita Lindgren nyoka humu kwenye daftari, nami sitafuta, iliandikwa wakati naiamini. Lakini sitaki pia kumfanya malaika. Mtu kakaa juu ya mabega ya mwalimu wake miaka ishirini na moja. Kushuka siku moja ni jambo zuri, ila mabega bado yanauma.

Nimemweleza Ezra hivyo. Kanijibu, "Unadhani sijui? Mabega ni yangu." Kisha akaongeza: "Lakini alikuwa anapenda sana treni hii, mjinga yule."

Agosti 20

Mvua ya mawe. Mahindi yamelala chini maili nyingi, yaliyobaki yamechanika kama vitambaa. Mtu kalima msimu mzima, mawe yakamaliza kwa dakika chache.

Msimamizi mpya ni kijana, hajali kisahani wala kikombe. Anahesabu vijiko tu, maana abiria wameanza kuviiba. Wanataka ukumbusho.

Ezra amenipokonya birika. "Msinifiche tena. Nikimwaga, nimemwaga." Kamwaga. Kaomba radhi, kabadilisha kisahani, kaendelea. Hakuna aliyekufa.

Agosti 27

Tumepita Stenby. Nimekwenda dirishani, nikajua kwa nini Lindgren alikuwa anasimama pale kila safari. Mimi nilidhani anatazama saa. Kuna nyumba nyeupe, nadhani ya kwao, ghala, na kamba ya nguo. Hakukuwa na mtu.

Septemba 3

Ya mwisho. Kutoka Denver asubuhi kuja Chicago. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kasha la soda jikoni, kabla ya kazi ya jioni, kwa sababu nisipoandika sasa nitaisahau au nitaiharibu.

Behewa limejaa mpaka kwenye ujia. Watu ambao hawajapanda treni tangu vita wameleta kamera na wajukuu. Wanalia, wanapapasa viti, wanatia vichupa vya chumvi vya kampuni kwenye mikoba. Ezra akaniambia pembeni, "Wangekuwa wanapanda kama wanavyoiba, treni isingekufa."

Kabla ya Stenby breki zikashika. Mwewe hasimami Stenby ila mtu akipunga kitambaa, na hakuna aliyewahi kupunga tangu niwe humu. Nikatoa kichwa. Mtu mrefu alikuwa amesimama peke yake penye majani, suti nyeusi, ameshika kitambaa cha meza cheupe. Kitambaa chetu. Hata yeye kaiba.

Lindgren alipanda, akaonyesha tiketi kama mtu yeyote, akasimama mlangoni pa behewa la chakula akingoja aketishwe. Kijana mpya hakumjua. Akampa kiti kwenye meza ya mwisho, ile ile ya bibi, na penseli, kwa maana humu mteja huandika mwenyewe anachotaka. Akaandika neno moja, kahawa.

Nikashika birika. Ezra akanitazama tu, nikaliachia.

Aliutembea ujia wote. Reli ilikuwa imenyooka, behewa limetulia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuisingizia treni. Akakitoa kikombe nje kama alivyotufundisha. Mkono ukaanza. Lindgren aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza na hakuisogeza. Birika likagonga, kahawa ikaingia kikombeni, ikafurika, ikajaa kisahani, nyingine ikateremka kwenye mkono wa jaketi jeupe la Ezra. Akaweka kikombe mezani. Kisahani kilikuwa ziwa.

"Nilikukasirikia," Ezra akasema.

"Najua."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Na ningekuwa na haki." Ezra akajifuta mkono. "Jioni tunapita darajani. Utakuwepo humu?"

"Nimekata tiketi mpaka Chicago."

Lindgren akatazama kisahani muda mrefu, kama alivyovitazama vyetu miaka yote. Watu walikuwa wamejaa meza zote, kamera shingoni, wengine wanamwangalia. Alinyoosha mkono kwenye bakuli, akachukua donge la sukari, akaliweka katikati ya meno, na hapo akasita. Masikio yalikuwa mekundu.

Mzee Ezra hakuwahi kumwita ila Bwana Lindgren, mbele ya watu wala nyuma yao. Akamwinamia.

"Kunywa, Arvid. Inapoa."

Akakiinua kisahani kwa mikono miwili, akanywa, kwa sauti, mpaka kikakauka.